UZI: Wiki ya kwanza Marekani nililala na njaa kwa adabu zangu mwenyewe

Bint_Mkunazini:

Wapendwa, habari za leo. Kuna mzazi kanifuata pembeni akaniuliza mambo ya kumpeleka mtoto Marekani mwaka mmoja wa sekondari. Nikamjibu juu juu, halafu usiku nikalala nayo kichwani. Sasa nayamwaga hapa.

Mie nilikwenda Agosti 2013 kwa programu ya YES ya serikali ya Marekani, ile yenye majina ya maseneta Kennedy na Lugar. Ilianzishwa 2002, baada ya yale mashambulizi ya Septemba 2001, kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi. Unakwenda na miaka 15 mpaka 17, unakaa kwenye nyumba ya watu, unasoma shule yao, mwaka ukiisha unarudi. Mambo ya fomu na usaili siyagusi, yameshaandikwa sana. Nataka kusema yale ambayo mie hakuna aliyeniambia.

Nilipangiwa mji mdogo kusini mwa Minnesota. Ukitoka nje ya mji ni mahindi, ukiyamaliza mahindi ni soya, kisha mahindi tena. Familia ilikuwa baba, mama, kijana wa kiume wa miaka sita, na jibwa kubwa la manyoya (nalo tutalifikia).

Siku ya kwanza jioni, saa kumi na moja na nusu, jua bado linawaka, naambiwa chakula tayari. Kwetu saa hizo ndiyo kwanza watu wanakunywa chai. Nikakaa. Mama mwenyeji akaniuliza kama nataka chakula. Mie mtoto niliyelelewa na bibi Mkunazini, Unguja, nitasema nini? "Ahsante, nimeshiba." Nikasubiri aniambie "aa, tia kidogo tu", mie nikatae tena, anishikilie, ndiyo nile. Hiyo ndiyo njia ya chakula kumfikia mgeni tangu dunia iumbwe.

Yule mama akatabasamu, akasema "sawa", akafunika bakuli, akatia kwenye friji.

Nililiangalia lile bakuli likienda kama mtu anayeangalia boti ya mwisho ikiondoka bandarini Malindi.

Asubuhi mambo yale yale. Akanionyesha friji na makabati, akasema chochote ukitaka chukua mwenyewe. Hebu nambieni, nani kati yenu atafungua friji la watu siku ya pili? Kwetu kufungua kabati la mwenyeji hata mtoto mdogo anapigwa kofi la mkono. Kwa hiyo siku nne nzima nilikula kile kidogo nilichowekewa moja kwa moja sahanini, na usiku nikajifungia chumbani na boksi la halua alilonipa bibi niwapelekee wenyeji zawadi. Ndiyo, zawadi yao niliila mie.

Nitaendelea, nakwenda kumlaza mtoto.

KijanaWaTanga:

Boti ya mwisho ya Malindi 😂😂. Nimeshaweka kigoda mbele, lete.

Mchungulia_Dirisha:

Chai hii. Mzungu gani anakuacha na njaa siku nne nyumbani kwake?

Bint_Mkunazini:

@Mchungulia_Dirisha mkuu, hakuniacha. Aliuliza, nikamjibu, akaniamini. Hapo ndipo penye shida yote. Kule mtu akisema hataki, basi hataki, na kumlazimisha ni kumvunjia heshima. Mie namwona bahili, yeye ananiona msichana asiyependa chakula chake. Sote wawili tuna adabu mpaka basi, na mie tumbo linanguruma.

Kilichonitoa ni sisimizi. Ile halua niliificha chini ya kitanda, boksi halikufunga vizuri. Siku ya tano yule mtoto wa miaka sita akaingia chumbani, akaona msafara wa sisimizi kutoka dirishani mpaka chini ya kitanda, akaenda mbio kumwita mama yake. Mama akapiga magoti, akachungulia, akatoa boksi la halua limebaki robo. Sijapata kuona aibu kama ile. Nilidhani nitarudishwa Unguja kesho yake.

Akakaa kitandani, akaniuliza taratibu: unakula hizi usiku kwa nini? Kiingereza changu cha darasani chote kiliyeyuka. Nikamwambia tu, kwetu mgeni hakubali mara ya kwanza. Akauliza, anakubali mara ya ngapi? Nikafikiri. Nikasema, ya tatu.

Tangu siku ile mpaka naondoka Juni, mezani mama yule aliniuliza mara tatu. "Unataka? Unataka? Unataka?" huku akihesabu kwa vidole, na yule mdogo akimfuatisha. Baada ya kama mwezi nikawa najibu ile ya kwanza, lakini walikataa kuacha, ulishakuwa mchezo wa nyumba.

mama_Shamsa:

Mwanangu umenichekesha na umeniliza. Na je, hukuwa na mtu wa kumwambia? Hao waliokupeleka walikuwa wapi?

Bint_Mkunazini:

Bi mkubwa, shikamoo. Alikuwapo. Kila mwanafunzi ana mratibu wa karibu, na masharti ya viza zile za J-1 (za wanafunzi wa kubadilishana kama sisi) yanataka asikae zaidi ya maili 120 kutoka nyumba uliyopo, na awasiliane nawe kila mwezi. Wa kwangu alikuja siku ya tatu, akaniuliza mbele ya wenyeji, "unakula vizuri?" Nikasema ndiyo. Ungekuwa wewe ungesema nini, na mwenye nyumba amekaa pale?

Kwa hiyo wazazi mnaosoma: mwambieni mtoto amwombe mratibu wazungumze faragha. Wanaruhusu.

mwana_wa_Nakuru:

Wueh, umenikumbusha mbali. Mimi nilienda Iowa 2011 na nilibadilishiwa familia mwezi wa pili, na hakuna mtu alikuwa amenikosea.

Nyumbani tulikuwa ndugu wanne chumba kimoja. Sijawahi kuwa na mlango wangu. Sasa huko nikapewa chumba, kitanda, meza, mlango. Nikafikiri ukipewa chumba unakaa ndani ya chumba, ndio usisumbue watu. Nikitoka shule, salamu, nafunga mlango, nasoma. Nilikuwa najiona mtoto mzuri sana asiye na kelele.

Kumbe hao watu kila jioni wanakaa sebuleni wakiniangalia nikipita. Wakaambia mratibu kwamba mvulana ana hasira, hatupendi, hata mlango hufunga. Tukaitwa kikao. Mama analia, mimi nalia, hakuna anayeelewa mwenzake. Tukakubaliana nihame.

Familia ya pili siku ya kwanza kabisa niliuliza: hapa mlango ukiwa wazi maana yake nini, na ukifungwa maana yake nini? Wakashangaa swali, lakini wakanijibu. Nilikaa nao mpaka mwisho, na bado tunaongea.

Na watu wajue, hizo familia hazilipwi, ni watu wamejitolea. Kwa hivyo ukifunga mlango wao wanaumia kweli, si kama mwenye nyumba anangoja kodi.

KijanaWaTanga:

Duh. Hilo la mlango sikuwahi kulifikiria. Dada, shule je?

Bint_Mkunazini:

@mwana_wa_Nakuru ahsante sana kaka, hilo ndilo ninalolisema, umelisema vizuri kuliko mie.

Shule. Kwanza, kwetu mwanafunzi anakaa darasani, mwalimu ndiye anayehama. Kule mwalimu ana chumba chake, nyie ndio mnaohama, na mnapewa dakika chache kati ya kipindi na kipindi. Kengele ikilia ni kama sokoni Darajani siku ya mkesha wa Iddi. Kila mmoja ana kabati la chuma ukutani lenye kufuli ya kuzungusha namba: kulia, kushoto ukipita namba mara moja, kulia tena. Wiki mbili nilibeba vitabu vyote mgongoni kwa sababu kabati lilinishinda.

Mwalimu wa kwanza alipoingia nilisimama. Peke yangu. Watoto thelathini wamekaa, mmoja ameweka mguu juu ya kiti, mie nimesimama wima kama mlingoti wa bendera nasubiri tuseme shikamoo. Mwalimu akaniuliza kama nataka kwenda chooni.

Kubwa zaidi lilikuwa la macho. Mwalimu wa historia aliniita baada ya kipindi kuhusu kazi niliyochelewesha. Mie nikainamisha macho chini, ndiyo heshima niliyofunzwa, kwetu ukimkazia mtu mzima macho unaambiwa "unanitolea macho mie?" Yeye kila ninavyoinama ndivyo anavyozidi kuniuliza, mpaka akasema waziwazi kwamba anaona nina jambo namficha. Sikuwa na jambo! Nilijifunza kuangalia katikati ya nyusi za mtu, pale juu ya pua. Anadhani unamtazama machoni, na wewe huoni aibu. Wapeni watoto wenu dawa hii.

Halafu maksi. Mtihani wa kwanza wa historia nikapata 75. Nikatoka kifua mbele. Kwenye mitihani yetu ya taifa, ya NECTA, siku hizi A inaanzia 75, jamani! Nikaibandika kwenye friji, pale wanapobandika michoro ya yule mdogo. Baba mwenyeji akaiona, akanyamaza, jioni akaniuliza kwa upole kama nahitaji mwalimu wa ziada. Kule 75 ni C. A yao huanzia 90. Lakini pia maswali yao mengi ni ya kuchagua, na unapewa maksi za kazi ya nyumbani na za kuongea darasani. Kuongea! Kwetu aliyeongea darasani anaandikwa jina ubaoni.

Ving'ora je? Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, kaunti nyingi za Minnesota hujaribu ving'ora vya kimbunga. Hakuna aliyeniambia. Niliingia chini ya meza.

baba_wa_wawili:

Dada Bint_Mkunazini, mie ndiye niliyekuuliza pembeni, sasa nimejitokeza. Binti yangu yuko kidato cha tatu, amefika hatua ya usaili. Mama yake hataki kusikia. Maswali yake ni mawili: dini ya mtoto itakuwaje, na je akiumwa na upweke? La pesa tumeshaelewa kwamba wanalipa wao.

mwana_wa_Nakuru:

@baba_wa_wawili ndiyo, hiyo wanagharamia wao. Mtu akikuambia toa "ada ya kuharakisha", huyo ni tapeli, kimbia.

Bint_Mkunazini:

Baba, la dini nitakujibu kwa mambo madogo, maana makubwa hayakunisumbua. Hakuna aliyenikataza kusali wala kuvaa mtandio. Shuleni nilipewa kona maktaba, nikasali adhuhuri yangu.

Kilichonisumbua ni maji ya chooni. Hakuna. Karatasi tu. Siku ya kwanza nilichukua kikombe cha mswaki. Kisha nikaona dukani kopo la kumwagilia maua, la kijani, lenye mdomo mrefu, nikalinunua kwa pesa yangu ya kwanza. Mama mwenyeji akafurahi sana kwamba napenda maua. Akaniletea na ua lenyewe, akaliweka chooni dirishani. Nililimwagilia mwaka mzima ili nisiseme uongo.

Na jibwa. Lilinipenda kuliko wote. Nililia kwa sababu ya mate yake kwenye nguo zangu za kusalia, mpaka nikajilazimisha kusema: mbwa asiingie chumbani kwangu, ni kwa ajili ya sala. Nilidhani watakasirika. Baba akaweka kizuizi kidogo cha mbao mlangoni siku ile ile, kazi ya nusu saa. Mie nimeteseka mwezi mzima kwa jambo la nusu saa.

Nguruwe vivyo hivyo: uliza kila siku, hata kwenye maharage wanatia. Hawachoki kujibu.

Msimu wa baridi angalia saa za sala. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, alasiri na magharibi zinakimbizana. Nikishuka kwenye basi la shule nilikuwa naingia na viatu mpaka kwenye mswala.

La upweke nitalijibu usiku, hilo refu.

Mchungulia_Dirisha:

Mimi bado nasema hawa watoto wakishaonja hawarudi. Serikali ya watu haiwezi kukulipia bure.

Bint_Mkunazini:

Mkuu, viza yetu ilikuwa na sharti: ukimaliza unarudi kwenu, na mpaka ukae miaka miwili ndiyo uruhusiwe kuomba viza za kazi kule au ukaazi wa kudumu. Mie nipo Unguja naandika huku umeme umekatika. Kwamba wana faida yao, sikatai. Wanataka tuwapende. Mie nimempenda mama mmoja mwenye vidole vitatu hewani, serikali yake sijui.

Haya, upweke.

Miezi miwili ya mwanzo huna nafasi ya kuwa mpweke, kila kitu kipya. Mie ulinikamata Novemba. Nilikuwa nampigia mama kila siku nikitoka shule, saa tisa na nusu yangu, kwao saa tano na nusu usiku. Yeye hukaa macho kunisubiri. Sasa Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma. Tofauti ikaruka kutoka saa nane mpaka tisa. Jumatatu nikapiga, kwao saa sita na nusu usiku, simu inaita, inaita. Mama kapitiwa na usingizi.

Nilikaa kwenye ngazi na koti langu na simu mkononi, mpaka nje kukaanza kuwa giza, nikahisi kama kamba imekatika. Wiki ile sikula vizuri tena, safari hii si kwa adabu. Nilikuwa naamka nahesabu siku zilizobaki kwenye kalenda.

Nikirudi nyuma sasa naona zile simu za kila siku zilikuwa zinanichelewesha. Mwili uko Minnesota, masikio yako Mkunazini: nani kaolewa, nani kagombana, mchuzi gani umepikwa. Baada ya simu mie sina hamu ya kukaa na watu sebuleni. Mama naye, nikilia kidogo tu, halali. Tukakubaliana Jumamosi peke yake. Aliumia. Niliumia. Lakini baba, kama kuna kitu kimoja mkeo atakichukia na kitamsaidia mtoto, ni hicho.

Na cha pili kilichonisaidia kilitokea wiki ile ile mbaya. Nipo kwenye kabati langu, kufuli limegoma, nimechoka, nikanung'unika kwa lugha yangu: "Ala! Na wewe leo?" Nyuma yangu sauti ikasema, "Piga teke hapo chini, ndio hufunguka."

Kwa Kiswahili.

Nikageuka: msichana wa Kisomali, mtandio mrefu, tulikuwa tunapishana tangu Septemba bila kusemeshana. Wazungu walishatuchanganya mara kadhaa, wananiita jina lake. Kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, akakulia Isili, Nairobi. Minnesota ndiyo yenye Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na wengi wao wamepitia Kenya. Miezi miwili natembea korido moja na mtu anayejua neno "sambusa", simjui, kwa sababu mie nilisubiri anisalimie yeye kwanza kwani alinizidi umri. Naye alisubiri mie mgeni nijitambulishe.

Niliupiga teke mlango. Ukafunguka.

mtoto_wa_Isili:

Hahaha hiyo kufuli ya teke naijua! Mimi niko Minneapolis. Alikupeleka Karmel, lile soko la Wasomali?

Bint_Mkunazini:

Alinipeleka! Yeye na mama yake, Jumamosi moja Desemba. Unapanda ngazi, maduka ya mitandio, mafundi cherehani, harufu ya uvumba, wazee wanabishana siasa. Nikala sambusa nne. Na mama yake aliponiuliza kama nataka chakula, nikasema nimeshiba, akanisukumia sahani bila kunisikiliza. Nililia pale mezani, wakadhani pilipili.

Kuanzia Januari nikawa mtu. Tarehe 6 Januari 2014 gavana alifunga shule za jimbo zima kwa baridi, zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa kipimo chao cha Farenhaiti. Tukakaa ndani siku nzima, nikawafundisha kupika mandazi. Yule mdogo akayaita "donati za dada". Nilimwacha.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu, na hilo hawalisemi sana. Siku ya pili nimekwenda kwa shangazi, kaniambia "karibu chakula", nikasema "ndiyo, nataka, nina njaa." Kimya. Shangazi akamwangalia mama. Mama akaangalia dari. Mpaka leo kwenye harusi za ukoo naitwa Mmarekani kwa sentensi ile moja.

mama_Shamsa:

😂😂 Shangazi ana haki yake hapo.

baba_wa_wawili:

Nimemsomea mama yake uzi wote. La simu ya Jumamosi kanuna, la kopo la maua kacheka mpaka akakaa chini. Hajasema ndiyo, ila ameuliza mtoto atabeba nini kwenye begi. Nimwambie nini?

Bint_Mkunazini:

Mwambie koti la baridi asinunue huku, atalipata kule, na la huku halitamfaa. Kanga mbili. Viungo vya pilau vilivyofungwa. Picha za nyumbani za karatasi, si za simu. Na halua, baba, maboksi mawili: moja la wenyeji, moja lake. Ila alitie kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko cha kukaza.